Kutoka penseli hadi rangi ya mwisho: jinsi ya kusanifu nyumba ndogo ya Nairobi

Watu wengi wanaokuja kuniona huanza na rangi. Wanafungua simu, wananionyesha ukuta wa kijivu au sebule nyeupe pe iliyopigwa picha nchi za mbali, kisha wanauliza: "Hii itakaa vizuri kwangu?" Nami huwauliza dirisha la sebule yao linatazama wapi. Wengi hawajui. Wengine wamekwisha kumwaga msingi na bado hawajui.

Nimekuwa msanifu majengo kwa miaka ya kutosha kuona kwamba jengo, vyumba vyake vya ndani, rangi na mchoro ni kazi moja isiyogawanyika. Ukuta hauna rangi yake peke yake. Unaonyesha mwanga unaouangukia. Mwanga huo huamuliwa mapema sana, siku penseli inapochora dirisha la kwanza. Ndiyo maana katika mwongozo huu rangi ya kupaka inakuja karibu na mwisho, ingawa tutakuwa tukiizungumzia tangu hatua ya kwanza.

Nitatumia mfano mmoja: ploti ya futi 50 kwa 100 katika mtaa wa Utawala, Nairobi, nyumba ya chini yenye vyumba vitatu vya kulala. Mwenyewe ni mwalimu wa shule ya msingi. Ataishi na mumewe, watoto wawili na mama yake mzazi, ambaye watoto humwita Shosho na ambaye magoti yake yamechoka. Hata kama wewe umepanga nyumba Umoja au Kasarani na unataka kubadilisha vyumba tu, ruka mambo ya udongo na vibali. Yaliyobaki yatakufaa.

Hatua ya 1: Nenda kwenye ploti na kijiti

Usichore chochote kabla ya kusimama pale. Beba dira, hata ya simu, utepe wa kupimia, daftari, penseli na kijiti kilichonyooka cha urefu wa mita moja. Kwanza tafuta bikoni zote, yaani alama za mipaka ya ploti. Ikikosekana hata moja, mwite mpima ardhi mwenye leseni aitafute. Nimeona msingi mzima ukivunjwa kwa sababu ya futi tatu za jirani.

Kisha simika kijiti wima mahali palipo wazi na uweke kokoto kwenye ncha ya kivuli chake kila baada ya saa moja, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kivuli kifupi kuliko vyote hakiji saa sita kamili. Nairobi kinakuja karibu saa sita na nusu, kwa sababu saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali jiji liko karibu na nyuzi 37. Kivuli hicho kifupi ndicho kinachokuonyesha kaskazini na kusini za kweli. Siku chache za Machi na Septemba kijiti hakitakuwa na kivuli mchana, maana jua liko utosini.

Hapa ndipo ramani nyingi za kunakiliwa huharibikia. Vitabu vya nchi za baridi husema sebule itazame kusini ili ipate jua. Sisi tuko nyuzi moja na kidogo kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la mchana liko upande wetu wa kaskazini, na Desemba liko kusini. Pande hizo mbili hupokezana jua mwaka mzima, na kila mara jua likiwa juu sana. Upande unaotusumbua ni magharibi.

Angalia udongo pia. Utawala, Ruai na sehemu kubwa ya Embakasi ni udongo mweusi wa pamba, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Chimba shimo na utazame. Ukikutana na weusi huo, jua kwamba utauondoa hadi ufike kwenye ardhi ngumu, pengine mita moja chini, pengine zaidi, kisha ujaze mawe na maramu ulioshindiliwa. Karen na Lavington wana udongo mwekundu unaobeba vizuri zaidi, lakini nao una lake, kama utakavyoona tukifika kwenye rangi.

Mwisho, tazama majirani, hata yule ambaye bado hajajenga. Ploti tupu ya leo inaweza kuwa ghorofa tano kesho kutwa. Usiweke mwanga wote wa nyumba yako upande ambao wewe humiliki hata futi moja.

Hatua ya 2: Pima unapoishi sasa

Hatua hii watu huiona kama ya watoto, nami naithamini kuliko nyingine nyingi. Chukua utepe upime nyumba unayokaa leo. Pima vyumba, kisha vitu: kitanda, kochi, meza, jokofu, mtungi wa gesi, sufuria kubwa ya Krismasi. Pima unavyopita kati ya kochi na meza ukiwa umebeba sinia. Andika palipokubana na palipokupa raha.

Kitanda cha futi tano kwa sita ni takriban mita 1.5 kwa 1.8. Ukitaka watu wawili washuke bila kurukana, acha sentimita 70 kila upande. Tayari unahitaji karibu mita 3 za ukuta, na kabati bado haijaja. Mtu akikuambia chumba cha mita 2.4 ni "masta", umeshajua la kumjibu.

Vifaa vya kuchorea ni vichache: penseli ya HB na ya 2B, rula ya skeli, karatasi ya A3 na karatasi nyepesi inayoonyesha, ile ya kuweka juu ya mchoro mmoja ili uchore mwingine. Chora kwa skeli ya 1:50, yaani kila senti 2 za karatasi ni mita moja ya nyumba. Kata fanicha zako kwenye kadibodi kwa skeli hiyohiyo uzisogeze juu ya karatasi. Mimi huchora kwa kompyuta kila siku, na bado kila nyumba naianza kwa mkono. Kompyuta hukupa mstari safi kabla hujawa na wazo safi, na mstari ukishakuwa safi watu huogopa kuufuta.

Mwalimu wetu alileta vipimo kwenye daftari la hesabu la mwanawe. Katika mistari yote, ulionifaa zaidi ulisema: "Shosho hukaa mlangoni asubuhi, kiti kinaziba njia." Vipimo vilikuwa vyake, lakini mstari huo ndio uliotupa kibaraza cha mashariki.

Hatua ya 3: Gawa vyumba kwa saa za siku

Sasa weka karatasi nyepesi juu ya mchoro wa ploti na uchore njia ya jua. Usichore kuta bado. Chora mapovu, kila povu na jina la chumba, na kando yake uandike saa ambazo chumba hicho hutumika kweli.

Nairobi iko juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Julai asubuhi joto huwa nyuzi 11 au 12, na nyumba yetu haina hita. Vyumba vya kulala vikitazama mashariki, jua la saa moja huingia likapasha sakafu na kukausha unyevu wa usiku. Jikoni hutumika asubuhi na jioni. Ukiliweka magharibi, mpishi atasonga ugali wa jioni jua likimchoma usoni. Liweke kaskazini au kusini. Magharibi wape wale wasiolalamika: bafu, stoo, choo, mahali pa kuanika nguo, gari.

Wengi hudhani upenu mrefu utaokoa dirisha lolote. Hesabu inasema sivyo. Ukuta wa kaskazini, Juni wakati wa kivuli kifupi, jua liko nyuzi 65 hivi juu ya upeo wa macho. Upenu wa senti 60 hapo hukinga karibu mita 1.3 za ukuta, yaani dirisha zima la kawaida. Upande wa kusini mwezi wa Desemba hukinga karibu mita 1.5. Upeleke upenu uleule magharibi, saa kumi na moja jioni mwezi wa Machi, jua likiwa nyuzi 25 tu: hukinga chini ya senti 30. Kwa hiyo magharibi usitegemee upenu. Punguza dirisha, panda mti, au weka vizuizi vya wima.

Ukitaka kuona vizuizi hivyo kwa macho yako, hakuna kiingilio. Shuka mjini Jumamosi asubuhi. Simama nje ya Bunge, kazi ya Amyas Connell ya miaka ya 1950, utazame jinsi kuta zake zilivyo na vina na vivuli. Kisha itazame KICC, jumba la mikutano la kimataifa, iliyosanifiwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na David Mutiso na kukamilika 1973. Mnara ule na ukumbi wake wenye umbo la pia vina rangi ya udongo uliochomwa. Tazama madirisha ya mnara yalivyorudi ndani, kila moja likijitengenezea kivuli chake. Rangi na kivuli hapo vilifikiriwa pamoja. Chora unachokiona, hata vibaya. Dakika 20 za kuchora zitakufundisha zaidi ya picha mia za simu, kwa sababu mkono hauwezi kuchora kivuli bila kuuliza kimetoka wapi.

Kwenye ploti yetu, barabara ilikuwa magharibi. Desturi ya mtaa ni sebule kutazama barabara kwa dirisha kubwa. Mume wa mwalimu aliitaka hivyo, na si vibaya mtu kutaka nyumba yake ionekane na wapitao. Tuliigeuza sebule ipate mwanga wa kaskazini na kibaraza cha mashariki, kisha upande wa barabara tukaweka mlango wa kuingilia uliorudi ndani mita moja na nusu, na ukuta wa mawe yaliyochongwa vizuri. Nyumba ikapata heshima bila kioo cha kuichoma.

Nilijifunza hili kwa maumivu. Mojawapo ya nyumba zangu za mwanzo ilikuwa na sebule ya magharibi yenye kioo kutoka ukuta hadi ukuta, na tukaipaka manjano ya joto. Saa nne asubuhi ilipendeza. Saa kumi na moja jioni ilikuwa kama kukaa ndani ya jiko. Familia ile ilinunua mapazia mazito na ikawasha taa mchana. Nililipia kupaka upya kwa pesa yangu, lakini dirisha sikuweza kulihamisha.

Hatua ya 4: Kata nyumba katikati

Ramani ya chini hukuonyesha unakopita. Mchoro wa mkato hukuonyesha unavyopumua. Chora nyumba kana kwamba umeipasua kwa msumeno ukaondoa nusu moja. Weka mtu ndani, awe na urefu wako.

Anza na jiwe. Mawe ya kuchongwa ya Ndarugo, ambayo nyumba nyingi za Nairobi zimejengwa nayo, huwa na kimo cha inchi tisa. Pamoja na simiti ya kuunganishia, kila kozi, yaani mstari mmoja wa mawe, ni karibu senti 24. Kozi tisa zinafika mita 2.1 na ushei, na hapo ndipo linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, hukaa kiasili. Ukichora dirisha la kimo kisicholingana na kozi, fundi atalazimika kukata mawe ukuta mzima, na gharama ni yako.

Sasa fuata mwanga. Mwanga wa kutosha wa dirisha huingia ndani takriban mara mbili ya kimo cha juu ya dirisha kutoka sakafuni. Dirisha linaloishia mita 2.1 litaangaza vizuri mita nne hivi. Sebule ya kina cha mita sita yenye dirisha upande mmoja tu itakuwa na kiza nyuma hata ukiipaka nyeupe ya maziwa. Dawa yake ni dirisha la pili kwenye ukuta mwingine. Kwa ukubwa, mimi naanzia kioo kisichopungua sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu, na nusu ya kioo hicho ifunguke.

Hewa nayo ipewe njia ya kuingia chini na kutoka juu. Hewa ya joto hupanda yenyewe. Jengo la ofisi za Umoja wa Mataifa lililofunguliwa Gigiri mwaka 2011 linatumia jambo hilohilo: kumbi za kati zilizo wazi hadi juu huvuta hewa bila mashine ya kupoza. Nyumbani unapata sehemu ya faida hiyo kwa matundu chini ya dari na dirisha dogo la juu ukumbini. Usimruhusu mtu ayazibe matundu eti yanaharibu sura. Kama tundu linaharibu sura, basi lilichorwa vibaya, na dawa ni kulichora upya.

Hatua ya 5: Wape wenye mamlaka na ujuzi nafasi yao

Hapa nitapita haraka. Chora wewe kadiri unavyoweza, kisha umpelekee michoro msanifu aliyesajiliwa na BORAQS, bodi inayosajili wasanifu majengo. Kisheria asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita msanifu majengo. Mwombe namba yake ya usajili na uihakikishe kwenye bodi. Mhandisi wa miundo apige hesabu za msingi, nguzo na slabu, hasa kwenye udongo mweusi. Kibali hutoka serikali ya Kaunti ya Nairobi, na mradi unasajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Hakikisha mtaalamu wako anafuata kanuni za kitaifa za ujenzi za 2024, zilizochukua nafasi ya zile za 1968.

Ukija kwa msanifu na daftari la vipimo, mapovu yenye saa na mchoro wa kivuli cha kijiti, mazungumzo yenu yatakuwa mengine kabisa. Mtu anayekuja na picha ya simu hupewa nyumba ya kwenye picha.

Hatua ya 6: Sanifu ndani kabla ya kuta kupanda

Mambo ya ndani hayaanzi baada ya plasta. Yanaanza sasa, kwenye karatasi, maana waya na mabomba huzikwa ukutani.

Kusanya maji mahali pamoja: jikoni, bafu na choo vigawane ukuta mmoja kama inawezekana. Mabomba yanapungua, na mgao wa maji ukija tangi moja linahudumia wote. Kumbuka lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja. Mahali pa tangi pachorwe mapema, mhandisi akijua, pasije pakabuniwa juu ya dari siku ya kuhamia.

Jikoni, kaunta ya kimo cha senti 85 hadi 90 huwafaa wengi, lakini ugali wa watu sita husongwa kwa nguvu za mabega, na kwa sufuria iliyo juu ya meko kimo hicho kinachosha. Kwa mwalimu wetu tulishusha sehemu ya meko hadi senti 75. Mtungi wa gesi tuliutoa nje, kwenye kizimba chenye matundu chini, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa sakafuni.

Kwa Shosho, mlango wa senti 90, bafu lisilo na kizingiti, vigae vya sakafu visivyoteleza, na ukuta kando ya choo ulioimarishwa ili ubebe kishikio. Chumba chake kikawa karibu na kibaraza. Alipoonyeshwa ramani hakuisoma. Alikiweka kidole juu ya kibaraza akauliza, "Mwanangu, jua la asubuhi litanifikia hapa miguuni, au litaishia ukutani?" Tukarudi kwenye mkato tukapima, tukapunguza upenu wa upande ule senti 20.

Chora pia mlango unavyofunguka. Mlango ukifunguka kuelekea kitandani, swichi ikawa nyuma yake, utapapasa gizani miaka yote. Televisheni isitazamane na dirisha, kwani kioo chake kitakuwa kioo cha kujitazamia. Soketi uzipange baada ya fanicha.

Hatua ya 7: Rangi, hatimaye

Anza na rangi usizoweza kubadilisha. Paa, sakafu, mawe, fremu za madirisha, udongo wa nje, na ukuta wa jirani. Ziandike. Kila rangi ya kupaka itaishi na hizo. Nimewahi kuona dari nyeupe ikawa ya waridi kila mchana, mwenye nyumba akimlaumu fundi, kumbe ni mabati mekundu ya jirani yaliyokuwa yakirusha mwanga kupitia dirishani. Bustani ya nyasi hufanya vivyo hivyo kwa kijani.

Sakafu ndiyo rangi kubwa kuliko zote, kwa sababu mwanga huigonga kwanza kabla ya kupanda ukutani. Wanaokumbuka nyumba za zamani za Eastlands, zile za sakafu ya simiti nyekundu iliyong'arishwa kwa nta, wanajua jinsi chumba kidogo kilivyokuwa na joto la macho. Mwalimu aliichagua sakafu hiyo sebuleni badala ya vigae vyeupe vinavyometa. Naiheshimu sana. Haionyeshi vumbi letu, inarekebishika, na kila ukuta uliotulia hukaa nayo vizuri.

Kisha jaribu. Usichague kwenye kadi ndogo ya duka; kipande kidogo hudanganya, na rangi ikijaa chumba kizima huonekana nzito zaidi. Nunua kopo dogo zaidi uliloona, paka kadibodi mbili za nusu mita kwa nusu mita, koti mbili (yaani mara mbili, moja juu ya nyingine), acha ukingo mweupe kuzunguka. Iweke moja karibu na dirisha, nyingine kona ya mbali. Zitazame saa mbili asubuhi, saa saba, saa kumi na moja, na usiku taa zikiwaka. Fanya hivyo siku tatu. Siku ya mawingu ya Julai ni muhimu kuliko zote, kwa kuwa kijivu ulichokipenda kwenye simu hugeuka ubaridi wa samawati chini ya anga ile.

Taa nazo ni rangi. Soma namba yenye herufi K kwenye boksi la balbu: 2,700 hadi 3,000 ni mwanga wa njano wa jioni, 6,500 ni ule mweupe wa samawati uliojaa madukani. Ukipaka ukuta rangi ya mchanga kisha ukawasha 6,500, umeupoteza ukuta. Vyumba vya kukaa na kulala wape 3,000. Jikoni 4,000 inatosha. Usichanganye mbili tofauti kwenye chumba kimoja.

Kwa chumba cha mashariki, ambacho mchana hupoa, rangi zenye njano au wekundu kidogo husaidia. Chumba cha magharibi kipe rangi baridi na hafifu, kijani cha majani makavu kwa mfano, kwa sababu jua la jioni litaongeza joto lenyewe. Kaskazini na kusini mwanga umetulia; hapo unaweza kuthubutu.

Nje ya nyumba jua letu la karibu na ikweta, tena la mwinuko huu, hufubaza rangi kali upesi. Nyekundu ya kung'aa na zambarau huchoka mapema. Zinazodumu ni zile za madini ya chuma: wekundu wa matofali, hudhurungi, manjano ya udongo. Na chini ya ukuta, senti 40 hadi 60 kutoka ardhini, paka mkanda wa rangi nzito inayofanana na udongo wa pale. Mvua za Machi hadi Mei zikipiga, matope yatarukia hapo. Watu wa udongo mwekundu wanaopaka nyeupe hadi chini hupaka tena kila mwaka. Mkanda ule wa wazee wetu haukuwa pambo tu.

Kuhusu kazi yenyewe: plasta mpya iachwe ikauke kama siku 28 kabla ya rangi, la sivyo unyevu na chumvi za saruji zitaibambua. Msasa, kisha koti ya kwanza ya kuzuia chumvi hizo, kisha koti mbili. Rangi ya maji isiyong'aa huficha mawimbi ya plasta, inayong'aa huyatangaza. Jikoni na ukumbini chukua inayooshwa. Kukadiria, lita moja hupaka karibu mita 10 za mraba kwa koti moja. Chumba cha mita 4 kwa 3.6 chenye kimo cha 2.7 kina kuta za mita 41 za mraba. Toa milango na madirisha, zibaki 36. Mara koti mbili ni 72. Nunua lita 8, zote za toleo moja, kwa kuwa toleo jingine huweza kupishana kidogo.

Hatua ya 8: Chora nyumba ardhini

Kabla ya kuchimba hata sepetu moja, pima ramani kwenye ploti kwa vigingi, kamba na chokaa, kwa ukubwa wake wa kweli. Waite watakaoishi humo. Leta viti. Kila mtu akae chumbani kwake, atembee kutoka kitandani hadi chooni, asimame pa jiko. Kubadilisha ukuta wa kamba ni dakika mbili.

Pale Utawala tulifanya hivyo asubuhi ya Jumapili. Mume alisimama sebuleni akatazama kule barabara ilikokuwa, akatazama kaskazini, akasogeza kigingi cha dirisha senti 30 ili auone mti wa jirani. Tuliuweka mchoro chini tukaandika kipimo kipya palepale kwa penseli nyekundu. Mabadiliko ya namna hiyo yaandikwe kwenye nakala zote, ya fundi, ya mhandisi na yako, siku hiyohiyo, maana nakala moja ikisahaulika ndiyo itakayojengwa.

Rangi zikishakamilika, andika kwa kila chumba jina la rangi, namba yake, toleo na tarehe, ukabandike karatasi hiyo ndani ya mlango wa kabati la mita ya umeme. Acha nusu lita ya kila moja kwenye chupa iliyofungwa vizuri, stoo, mbali na jua la magharibi.